Ruiru: Pale Mvua Ilipofuatwa Hadi Mizizini

Mkulima wa kahawa wa Ruiru au Thika huihesabu mvua kwa miezi yake: masika ya Machi hadi Mei, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kwa mwaka hupata karibu milimita 1,000, kiasi kinachoitosha kahawa kwa shida, tena kikija kwa mafungu mawili yaliyoachana. Kipima mvua humwonyesha maji yaliyoanguka. Hakimwonyeshi maji hayo yamekwenda wapi, wala mti umebakiwa na akiba gani ardhini ifikapo Februari, jua likiwaka na wingu halionekani. Swali hilo ndilo alilolishika Herbert Charles Pereira, mwanasayansi Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1913 na kufika kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru mwaka 1946, baada ya kutumika katika kikosi cha wahandisi wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nadai kwamba kwa kuifuata mvua kutoka mawinguni hadi mizizini, Pereira aliibadilisha maana ya kupima hali ya hewa katika nchi yetu ya Kenya, na kwamba Ruiru na Thika za leo zinauhitaji mtazamo huo kuliko za wakati wake.

Tuanze na kifaa chenyewe. Udongo mwekundu wa ukanda huu ni wa kina kirefu, na mizizi ya mbuni hushuka humo mita kadhaa kutafuta maji. Ukitaka kujua unyevu wa huko chini kwa kuchimba, itakubidi uchimbe upya kila wiki, na kila shimo linaharibu mahali unapopapima. Pereira alitengeneza kipande cha jasi, ule unga mweupe ambao mafundi wa dari huuita jipsam, akakipa umbo la mcheduara, kama kipande cha chaki nene, kikiwa na njia za umeme ndani yake. Umbo hilo lina sababu: keekee ya kuchimbia udongo huacha tundu la duara, na kitu cha duara hukaa humo kikigusana na udongo. Jasi hunyonya maji udongo unapolowa na kuyaachia udongo unapokauka. Ikiwa imelowa, umeme hupita kwa urahisi. Ikikauka, umeme hukwama. Mpimaji hukaa juu na mita yake, akaunganisha nyaya, akasoma hali ya udongo wa chini kabisa bila kugusa jembe. Maelezo ya kifaa hicho aliyachapisha mwaka 1951, na kwa vipimo vya namna hiyo ikawezekana kuamua siku ya kumwagilia kahawa kwa hesabu ya maji yaliyobaki, badala ya kungoja majani yalegee.

Hatua ya pili ilikuwa kulitazama tone lenyewe linapogonga ardhi. Matone mazito ya masika huvunjavunja chembe za udongo ulio wazi, na vumbi lake huziba vinyweleo ambavyo maji yangepitia. Hapo mvua nyingi huteremka mtoni na kuondoka na rutuba, huku mizizi ikiachwa na kiu. Pereira alibuni jaribio la mvua ya kutengenezwa, ambamo matone ya kipimo maalumu hudondoshewa sampuli ya udongo ili kuona unastahimili kiasi gani na unapitisha maji kiasi gani. Kazi hiyo ilienda sambamba na majaribio ya matandazo katika mashamba ya kahawa. Nyasi zilizotandazwa chini ya mibuni hulipokea tone kabla halijaupiga udongo, na hukinga jua lisiyanyonye maji yaliyokwisha kuingia. Kwa hiyo mashamba mawili yaliyopata mvua ile ile yanaweza kuwa na ukame tofauti kabisa.

Msomaji makini atauliza: huyu ni mtaalamu wa hali ya hewa kweli, au ni mtu wa udongo? Na ni mvumbuzi gani, ilhali George Bouyoucos wa Michigan, Marekani, alikuwa amekwisha kuonyesha matumizi ya jasi katika kupima unyevu mapema miaka ya 1940? Ni kweli kwamba Pereira alisomea fizikia ya udongo, na wazo la jasi alilikuta. Lakini kifaa hupata thamani pale kinapofanya kazi, na udongo wa kina wa Ruiru ulidai umbo na mbinu yake. Ama hali ya hewa, kazi yake iliyofuata inajibu. Mwaka 1952 alihamia Muguga, kwenye shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, na huko akaongoza utafiti uliopima mabonde mazima. Mojawapo lilikuwa Kimakia, kwenye msitu wa Aberdare juu ya Thika, mahali mianzi ilipokatwa na misonobari ikapandwa. Vipima mvua vilihesabu maji yanayoingia bondeni, vizuizi vyenye pengo la kipimo vikahesabu yanayotoka kijitoni, na tofauti yake ikaonyesha kilichotumiwa na miti na kurudi hewani. Ilidhaniwa na wengi kwamba kubadilisha msitu lazima kukaushe mito. Lakini misonobari ilipokomaa, matumizi yake ya maji yalikaribiana na ya mianzi.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Kituo cha Ruiru kilihudumia kwanza mashamba ya walowezi, wakati ambapo Waafrika wa sehemu nyingi walizuiwa kulima kahawa. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Waliochimba mashimo na kutandaza nyasi hawakuandikwa kwenye majalada. Jambo hili halifai kufunikwa. Hata hivyo, dhuluma katika kuwachagua wa kunufaika haiugeuzi ukweli kuwa uongo. Matandazo hayaulizi shamba ni la nani, na mkulima mdogo asiye na pampu ndiye anayeokolewa zaidi na unyevu uliohifadhiwa. Taasisi hiyo ya Ruiru, iliyotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, leo ni mali ya Wakenya. Urithi ulionunuliwa kwa jasho la wazee wetu ni wetu kuutumia.

Wengine watasema kahawa yenyewe inaondoka: mji mpya wa Tatu City unajengwa juu ya ardhi ya mibuni, na nyumba zimejipanga kandokando ya barabara kuu ya Thika. Basi hapo ndipo hoja inapopata nguvu. Paa na lami ni udongo uliozibwa kabisa. Tone haliwezi hata kujaribu kuingia. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipoikumba Kenya, mazungumzo mengi yalikuwa ya wingi wa mvua, kana kwamba wingu peke yake ndilo lenye hatia. Pereira, aliyefariki mwaka 2004 akiwa ametunukiwa cheo cha Sir, aliacha njia ya kuuliza vizuri zaidi: kwenye kila kiwanja, maji mangapi yameingia, mangapi yamezama, mangapi yametoka? Kabla ya idhini ya ujenzi kutolewa Ruiru au Thika, hesabu hiyo ingepaswa kuwa mezani pamoja na ramani ya nyumba. Vifaa vyake ni rahisi kuliko vya 1951, na udongo wa kupimiwa bado uko pale pale, hadi siku utakapomwagiwa zege.