Ukoga wa Meno: Unavyojijenga Kila Siku na Unavyoondolewa

Ndugu wasomaji wetu wa Ngarama, Nakivale, Mbarara na vijiji vyote vinavyopakana na Tanzania, huenda baadhi yenu mkashangaa kuona jarida la polisi likizungumzia meno. Sababu tunayo. Katika mikutano ya polisi jamii, maumivu ya jino hutufikia mara nyingi yakiwa yamekwisha kugeuka shauri. Yuko aliyeng'olewa jino sokoni na mtu asiye na leseni akavuja damu usiku kucha. Yuko mtoto mchanga aliyechanjwa ufizi kwa wembe. Yuko pia jirani anayetuhumiwa kwamba ndiye aliyemtupia mwenzake "mdudu" wa jino. Mashauri haya yana mzizi mmoja, nao ni kutofahamu kinachotendeka kinywani. Tumeona ni heri tukieleze hapa.

Mfano wa dumu la maji

Kila nyumba katika makazi yetu ina dumu la maji, au jerikeni kama wengi tunavyoliita. Likiwa jipya, ndani yake hakuna utelezi. Likitumika siku kadhaa, ukiingiza kidole utagusa utando unaoteleza. Ukilisuuza kwa maji matupu, utando haubanduki. Ndiyo maana tunatia changarawe na kutikisa kwa nguvu. Utelezi ule ni bakteria waliojishikiza ukutani na kujifunika kwa ute walioutengeneza wenyewe. Meno nayo hulowa mate usiku na mchana, na yanayolipata dumu huyapata na meno, tena kwa haraka zaidi.

Hatua ya kwanza: utando wa protini

Jino likisafishwa hadi kung'aa, halikai tupu. Mate yana protini za namna nyingi, na baadhi yake huvutwa na madini ya kalisi na fosfeti yaliyojenga gamba gumu la jino. Katika muda wa dakika chache protini hizo huwa zimelifunika jino lote kwa utando usioonekana kwa macho, ambao kwa saa za mwanzo unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Utando huu si adui. Hulainisha jino lisisagike ovyo, na hupunguza makali ya vitu vichachu. Hata hivyo, ndio unaowapa bakteria mahali pa kushika.

Hatua ya pili: bakteria

Kinywa cha kila mtu, awe tajiri au maskini, kina bakteria. Ndani ya saa chache wale wa jamii ya streptokokasi hujishikiza kwenye utando wa protini na kuanza kuzaana. Aina nyingine hushikana na hao waliotangulia. Wapo wanaoitumia sukari tunayokula kutengeneza gundi inayowafungamanisha wote pamoja. Usipopiga mswaki kwa siku moja au mbili, ulimi utahisi ukwaru, na kwenye mstari wa fizi utaona rangi nyeupe au ya manjano. Huo ndio ukoga. Miligramu moja tu ya ukoga hubeba bakteria zaidi ya milioni 100.

Mwaka 1683, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, aliutazama ukoga wa meno yake kwa lenzi alizozichonga mwenyewe. Aliiandikia Royal Society ya London kwamba ameona humo viumbe vidogo sana vinavyotembea. Mwaka 1890, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, Willoughby Miller, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi bakteria wa kinywani wanavyoigeuza sukari kuwa tindikali inayoyeyusha jino. Kwa hiyo hakuna funza anayetoboa jino, wala hakuna jirani awezaye kumtuma.

Hatua ya tatu: jino linaoza, ufizi unavimba

Tunapokunywa chai ya sukari au soda, au tunapokula biskuti, bakteria wa ukoga nao hula. Katika dakika chache hutoa tindikali, na madini ya jino huanza kuyeyuka. Mate huizimua tindikali hiyo, lakini kazi hiyo huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Anayekunywa chai yake mara moja pamoja na chakula hulipa jino nafasi ya kupumzika. Anayeonja kitu kitamu kidogo kidogo mchana kutwa hailipi nafasi hiyo. Dalili ya kwanza ni doa jeupe, ambalo bado linaweza kurekebishika. Likipuuzwa huwa tundu, na tundu halijifungi lenyewe.

Ukoga ulioachwa siku nyingi hunyonya madini ya mate na kuwa mgumu kama jiwe. Ukifikia hapo mswaki hauuwezi tena, na huondolewa na mtaalamu kwa vifaa vyake. Kandokando yake ufizi huvimba na kutoa damu. Wengi wakiiona damu huacha kupiga mswaki, na kwa kufanya hivyo huuongeza ukoga uleule unaowaumiza.

Namna ya kuuondoa

Kwa kuwa utando hurudi kila siku, dawa yake nayo ni ya kila siku. Kusukutua peke yake hakutoshi, kama vile kusuuza dumu kusivyotosha. Ni lazima meno yasuguliwe. Tupige mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, tukitumia dawa ya meno yenye floridi. Mara ya usiku isikosekane, maana tulalapo mate hupungua.

Nakivale imewakutanisha Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wenyeji wa Ankole, na kila watu wamekuja na desturi zao. Ndugu zetu Wasomali hutumia kijiti wakiitacho caday, kitokacho kwenye mti uitwao mswaki kwa Kiswahili. Kijiti kinafaa iwapo ncha imetafunwa hadi ikawa brashi laini, nacho kifikishwe nyuma ya meno na kwenye magego, si mbele tu panapoonekana na watu. Mchanga na mkaa uliosagwa tuviachie madumu, kwa maana hukwaruza gamba la jino. Mtoto asafishwe meno tangu jino la kwanza linapochomoza, kwa dawa kidogo sana mfano wa punje ya mchele.

Mtoto mchanga asikatwe ufizi

Jambo hili tunalisema kwa uzito. Mtoto ambaye hajaota jino hana ukoga, wala hana jino la kuoza. Lakini akipata homa au kuharisha, wako wanaosema ana ebiino, ambayo ng'ambo ya mpaka huitwa meno ya plastiki, na humchokoa ufizi kwa wembe au kwa spoku ya baiskeli. Kile cheupe wanachokitoa na kumwonyesha mzazi si funza wala jino bovu. Ni chipukizi la jino la mtoto mwenyewe. Wako watoto waliokufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi, na wengine huishi na pengo hata ukubwani. Homa na kuharisha vina sababu zake, kama malaria na maji machafu, na hutibiwa kituo cha afya. Sheria ya Watoto ya Uganda inakataza kumtendea mtoto desturi inayodhuru afya yake, iwe amepelekwa na mama, nyanya au shangazi kwa nia njema.

Tunachowaomba

Jino likiuma, nendeni kituo cha afya kilicho karibu, ambako mtaelekezwa hata Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ikibidi. Shavu au shingo ikivimba, homa ikipanda, au mgonjwa akishindwa kufumbua kinywa au kumeza, asingoje kesho, kwa sababu usaha wa jino unaweza kuua. Kabla ya kumkabidhi mtu kinywa chako, muulize leseni yake. Ukimfahamu anayekata watoto fizi, toa taarifa kituo cha polisi, kwa mwenyekiti wako, au piga simu 116 bila malipo. Asipigwe wala asichomewe nyumba. Mkono wa sheria unatosha. Jino bovu halijawa ushahidi wa uchawi dhidi ya mtu yeyote.

Usalama wa jamii huanzia nyumbani. Jioni ya leo, kabla ya taa kuzimwa, kila mzazi awakague watoto wake meno.