Mbwa Mzee Akianza Kutetemeka: Si Kila Mara ni Kichaa

Binti mmoja wa hapa kwetu Nakivale alitujia na shida ambayo mwanzoni tulitaka kuicheka. Baba yake ni mlinzi wa usiku kule Kampala, Wandegeya, na ana mbwa dume anayeitwa Simba. Mbwa huyo amezeeka. Kwa miezi minane sasa miguu yake ya nyuma inatetemeka, na kelele kubwa ikitokea anakimbilia chini ya meza ya muuza chapati. Majirani wakasema ana kichaa cha mbwa. Wengine wakasema ametupiwa kitu. Mwenye duka akamwambia mzee amwondoe kabla ya mwezi kuisha, la sivyo atawekewa sumu. Binti akatuuliza: "Ninyi munaoandika, muniambie. Huyo mbwa ataua baba yangu au hataua?"

Hapo kicheko kikaisha. Kichaa cha mbwa kinaua watu kweli, na mtu akishaanza kuugua karibu hakuna anayepona. Lakini pia mzee bila mbwa wake ni mlinzi wa aina gani? Kazi ingekwenda, na hela anayotuma huku ingekwenda nayo.

Wawili kati yetu walikuwa na safari ya Kampala kwa mambo ya karatasi, basi wakapitia Wandegeya. Wanaopajua watakumbuka: mahali penyewe pako katikati ya kilima cha Makerere na kile cha Mulago, Bombo Road inapita hapo hapo, boda boda zinapiga honi usiku kucha, na wanafunzi wanapanga foleni ya zile chapati za mayai wanazoziita rolex. Jina linatokana na endegeya, wale ndege washonaji kwa Kiganda. Siku hizi ndege huwezi kuwasikia hata kidogo!

Mzee tulimkuta mbele ya duka, amekalia jeri kani, Simba amelala miguuni pake. Akatueleza kwa Kiswahili cha kwao Bukavu: "Hii imbwa ni muzee sawa mimi. Banasema iko na kichaa. Kichaa gani inakula posho kila siku?" Ana miaka 11 naye. Anasema mbwa alianza woga mwaka 2019, wakati wanafunzi wa Makerere walipogoma kwa ajili ya karo na mabomu ya machozi yakapigwa kule chuoni. Tangu hapo hata fataki za mwaka mpya zinamtesa. Lakini kutetemeka huku kwa miguu ni kwa juzi juzi.

Chuo Kikuu cha Makerere kina kliniki ya wanyama wadogo, na kutoka Wandegeya si mbali. Asubuhi, zamu ilipoisha, tukapanda kilima pamoja, polepole, maana Simba alisimama kila hatua chache. Daktari wa wanyama hakuanza kwa kumshika. Alianza kwa kumuuliza mzee maswali, na swali la kwanza ndilo tunalotaka kila familia ilishike: "Mzee, ameanza lini?"

Sababu ni hii. Kichaa kinaweza kukaa mwilini kwa wiki nyingi au hata miezi bila kuonekana, lakini mbwa akishaanza kuonyesha dalili, kwa kawaida anakufa ndani ya siku 10. Hangoji Krismasi. Kwa hiyo mbwa anayetetemeka vile vile kwa miezi minane, anakula, anakunywa, anamtambua mwenyewe, kutetemeka huko kuna sababu nyingine. Mbwa wa kuogopwa ni yule aliyebadilika ghafla kwa siku chache: mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa mpole mno, mate yanamtoka, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, anauma hata kuni na mawe, au miguu inapooza. Huyo msimkaribie, wala msimpige mawe mkiwa karibu. Fungieni watoto ndani na mwite afisa wa mifugo.

Na mbwa yeyote akikuuma, awe mzee, awe wa jirani, awe ameonekana mzima: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulize chanjo. Hata mkwaruzo mdogo. Usipake majivu wala mafuta ya breki, jamani, tumeyaona hayo.

Turudi kwa Simba. Daktari alimkunja miguu ya nyuma taratibu, na kwenye nyonga mbwa akalia. Baridi yabisi, kama ya wazee wetu. Ndiyo maana anatetemeka zaidi asubuhi na anapoinuka kutoka kwenye sementi, na akilala usingizi kutetemeka kunaisha. Mbwa hawezi kusema naumwa. Anatetemeka, anahema, anakataa kupanda ngazi, au anamng'ata mtoto aliyemrukia mgongoni. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, na masikio yamepungua nguvu. Fikiria mwenyewe: huoni vizuri, husikii vizuri, halafu mkono unakushika kutoka nyuma. Si ungeruka?

Daktari alitaja sababu nyingine pia. Kupe wanaleta magonjwa ya homa, na homa inatetemesha. Sumu ya panya au dawa ya kuua wadudu ikiingia tumboni, mbwa anaweza kutetemeka kwa nguvu na kutoa mate. Hiyo ni ya kukimbia naye hospitali saa hiyo hiyo, na tofauti yake na uzee ni kwamba inakuja ghafla. Kifafa nacho ni kitu kingine: mbwa anaanguka, anapiga miguu hewani, hajitambui. Ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie mkono mdomoni.

Halafu kuna ubongo wenyewe kuzeeka. Wengi hatujui kwamba mbwa naye anapotewa na akili kama babu. Analala mchana, usiku anazunguka zunguka, anasimama kwenye kona akiangalia ukuta, anakojoa pale ambapo hakuwa anakojoa. Watu wakimwona usiku anakodolea ukuta wanasema ameona jini. Simba hajafika hapo, ila mzee alikiri kwamba mara mbili alipotea njia ya kurudi dukani.

Mzee akatoa mfukoni vidonge. Alikuwa amempa Panadol, na jirani alimshauri diklo. Daktari alikasirika kidogo hapa. Panadol inaweza kumdhuru mbwa, na diklo na ibuprofen zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo. Ziko dawa za maumivu za mbwa zenyewe, na kipimo chake kinafuata uzito. Simba alipewa hizo, akatolewa kupe, akachanjwa kichaa, na mzee akapewa kadi ya chanjo. Kadi hiyo ndiyo aliyomwonyesha mwenye duka jioni. Mwenye duka aliisoma mara mbili, akasema haya, abaki, lakini afungwe watoto wa shule wanapopita. Kwa maoni yetu hilo ni ombi la haki.

Masharti ya nyumbani ni mepesi. Alale juu ya gunia au boksi, si sementi. Asiamshwe kwa kuguswa; kanyaga chini kwa nguvu ahisi mtikisiko, au mwache anuse mkono kwanza. Fataki au radi zikianza, mwache ajifiche, usimvute wala kumchapa, na ukikaa karibu naye humfundishi woga, kama wengine wanavyodhani.

Mzee alipoyasikia hayo ya kelele akanyamaza, kisha akasema: "Mimi pia, tairi ikipasuka pale barabarani, natafuta mulango." Kule Gulu, Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho akiwa mtoto kwa bomu lililofukiwa ardhini, alianzisha mradi wa kuwapa mbwa watu walioumizwa na vita vya kaskazini, chini ya shirika la BIG FIX Uganda. Wanafundishwa kumtunza mnyama, na wengi wamesema wanalala vizuri zaidi. Tulimweleza mzee habari hiyo. Akacheka, akasema hawa wa Gulu wamechelewa kujua.

Binti tumeshamjibu. Ameuliza tena kama watoto wake wakienda likizo wanaweza kucheza na Simba. Wanaweza, akiwa macho na babu yupo.