Hisa za dhahabu "zilizopotea" kwenye kompyuta

WAWEKEZAJI wa Kahama na Shinyanga waliowahi kununua hisa za African Barrick Gold, na ambao wanatunza hesabu zao kwa programu ya kompyuta, wanaweza kupata mshtuko: wakishapakua bei mpya, mstari wa hisa hizo unabaki mtupu au unaonyesha sifuri. Mara nyingi mali haijapotea. Kilichobadilika ni alama.

Programu hizo hazitambui kampuni kwa jina, bali kwa herufi chache zinazoiwakilisha sokoni. Kampuni hiyo, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2011 kwa alama ABG. Novemba 2014 ikajiita Acacia Mining na alama ikawa ACA. Septemba 2019 Barrick Gold, iliyokuwa tayari na karibu asilimia 64, ikachukua hisa zilizobaki, na ACA ikatoweka sokoni. Wenye hisa walipewa hisa 0.168 za Barrick kwa kila moja ya Acacia, pamoja na haki ndogo inayohusu maeneo ya utafutaji madini. Hisa 1,000 zikawa 168.

Hata hapo safari haikuisha. Mei 2025 Barrick ilijiita Barrick Mining, na alama yake ya New York ikatoka GOLD ikawa B.

Wengi huharibu hesabu hapa. Wakiona sifuri hufuta mstari, au huandika kwamba wameuza bila kupata kitu. Kompyuta basi huonyesha hasara ambayo haikutokea, na bei ya awali ya kununulia, ambayo mtu ataihitaji siku ya kukokotoa faida yake, hupotea. Inavyotakiwa ni kutoa hisa 1,000 na kuingiza 168 kwa tarehe ya mabadilishano, huku gharama ya awali ikibaki ile ile. Kwanza, hata hivyo, isomwe taarifa ya wakala: aliyelipwa fedha taslimu aandike mauzo. Aidha, bei ya New York ni ya dola. Programu iliyopangwa kwa shilingi ikiisoma ilivyo, tajiri wa jana ataonekana hana hata nauli ya kwenda Mwanza.

Kwa hisa za Dar es Salaam, matatizo ni madogo lakini yanaudhi. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma 05/08 kuwa Mei 8 badala ya Agosti 5, na manunuzi yakatangulia malipo. Alama ya mkato katika 12,500 nayo huweza kuigawa tarakimu hiyo katika safu mbili, zikabaki hisa 12. Idadi ilinganishwe na taarifa ya akaunti ya CDS kabla ya kugusa chochote. Gawio la shilingi 100,000 likiingia benki kama 95,000, hakuna aliyeiba: asilimia 5 ni kodi ya zuio kwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa.

Kwa upande wa Geita, anayetafuta bei ya mgodi huo katika faili la Dar es Salaam anapoteza muda. Mmiliki wake, AngloGold Ashanti, hayumo katika orodha hiyo. Tangu Septemba 2023 soko lake kuu ni New York, kwa alama AU.