Utulivu wa Pangani na Asili Yake

Msomaji akaaye Wandegeya, mjini Kampala, ambako bodaboda, wauza rolex na wanafunzi wa Makerere hugombea njia moja tangu alfajiri hata usiku wa manane, hana haja ya kuelezwa kwa nini mtu hutamani kuzuru mji usio na pupa; linalostahili kuelezwa ni kwa nini miji ya namna hiyo ingalipo katika pwani yetu, hali Unguja, Malindi na Diani zimekwisha kujaa hoteli na wageni wa kila taifa. Mfano nitakaoushika ni Pangani, kusini ya Tanga, penye mlango wa mto uitwao kwa jina hilohilo, kwani utulivu wake una tarikhi iwezayo kufuatwa hatua kwa hatua.

Katika karne ya 19 mji huu haukuwa na utulivu hata chembe. Misafara ya pembe na ya watumwa ilishuka kutoka bara kwa bonde la mto, mashamba ya miwa yalilimwa ukingoni kwa jasho la watumwa, na majahazi yakapakia sukari na pembe kwenda Unguja. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Usambara. Kisha, mnamo Agosti 1888, Kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipokuja kutamalaki forodha kwa mkataba ilioufunga na Seyyid Khalifa, sultani wa Unguja, wakili wa Kampuni hiyo Emil von Zelewski aliwatendea watu wa Pangani kwa kiburi na dharau, na hapo ndipo moto ulipowaka ukaenea pwani yote ya Mrima. Bushiri bin Salim al-Harthi, aliyesimama mbele ya vita hivyo, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Na Zelewski naye, kwa kuwa dunia haikosi insafu yake, aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891. Habari za vita hivyo zilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, nao ulitolewa kitabu mwaka 1955 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo zama hizo makao yake yalikuwa Makerere, mwendo mfupi wa miguu kutoka soko la Wandegeya. Msafiri atakaye kwenda Pangani na akausome kwanza, maana mji hauna kibao wala kiongozi wa kumsimulia kwa ufasaha kama huo.

Nini, basi, kilichounyamazisha? Wengi hudhani ni vita. Nadhani vita vilichangia kidogo tu, na hukumu kubwa ilitolewa na mchanga. Mto Pangani, ambao maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, hubeba udongo njia nzima na kuutua mlangoni, ukawa fungu lililokingama baina ya mto na bahari. Kwa jahazi fungu hilo si kizuizi: nahodha hungoja maji yajae, akapanda nayo, akaingia salama. Lakini merikebu za moshi, zenye kina kirefu na ratiba isiyongoja bamvua, zililazimika kutia nanga mbali, na shehena ikashushwa kwa mashua, kazi ya gharama na hatari. Tanga, kwa upande wake, ina ghuba pana yenye kina, iliyokingwa na upepo. Kwa hiyo Wadachi walipoanza kujenga reli mwaka 1893 waliianzia Tanga, wakaipandisha mpaka Mombo na hatimaye Moshi, na biashara ya bara, iliyokuwa ikifuata mto tangu enzi za mababu, ikaifuata njia ya chuma. Pangani ikabaki na minazi yake, mkonge wake, na nyumba za mawe ambazo wenyewe walizihama pole pole.

Wala jambo hili si la Mrima peke yake. Katika pwani ya Karibi, nchini Guatemala, uko mji wa Livingston, nao umekaa penye mlango wa mto, Río Dulce, nao ulikuwa bandari ya kahawa ya wakulima wa Kijerumani wa milimani. Reli ya kwenda bandari ya Puerto Barrios ilipokamilika mwaka 1908, meli zikauacha. Hata leo Livingston haifikiwi kwa barabara, ila kwa mashua, na hilo ndilo wageni waendao huko hulisifu. Aghalabu tunachokiita utulivu ni biashara iliyohama, na ni vema mgeni akumbuke, anapofurahia njia tupu, kwamba kuna vijana waliokosa kazi katika njia hizo.

Wala mto Pangani wenyewe haukubaki ulivyokuwa. Mabwawa ya umeme na ya kumwagilia yaliyojengwa juu, kama Nyumba ya Mungu na Hale, yamepunguza nguvu ya maji, na chumvi ya bahari hupanda mtoni zaidi ya zamani. Nje ya mlango, kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 na kusifika kwa kasa waliokuja kutaga, kimepoteza miti yake yote, kikawa fungu la mchanga linalozama maji yajaapo. Mayai ya kasa wanaoendelea kutaga hapo huhamishiwa bara yasife maji.

Sasa barabara ya Bagamoyo hadi Tanga inaletwa, pamoja na daraja la kuvuka mto kwenda Bweni, mahali pa pantoni iliyozoeleka. Na kaskazini, Chongoleani karibu na Tanga, ndiko bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima kwetu Uganda linakoishia. Wako wanaohuzunika kwamba mji utaharibika. Mimi siwaungi mkono moja kwa moja: wenyeji wana haki zaidi ya daraja kuliko mgeni alivyo na haki ya ukimya, ijapokuwa ningependa nyumba za mawe zikarabatiwe kabla ya wenye fedha kuja kuzibomoa.

Atokaye Kampala kwa basi hupita Nairobi na Mombasa, akavuka mpaka wa Horohoro mpaka Tanga, kisha akatafuta gari la Pangani. Asisahau hati ya kusafiria wala cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mjini avae nguo za heshima, kwani ni mji wa Waislamu, na asipige picha za watu pasipo idhini. Atakaye kufika Maziwe na aulize nahodha kwanza saa ya maji kupwa, kisha ndipo apange chakula chake cha mchana, wala si kinyume chake.