Stata Isiposhika Baada ya Injini Kubadilishwa

Injini iliyobadilishwa ikishafungwa mahali pake, mafuta na maji yakatiwa, na betri ikaunganishwa, mwenye gari hungoja kwa shauku kusikia mngurumo wake wa kwanza. Lakini mara nyingine ufunguo huzungushwa na stata isishike. Katika miji yetu, ambamo injini zilizotumika Japani hununuliwa zikafungwa badala ya zile zilizochoka, msiba huu si mgeni, na aghalabu jambo la kwanza litendwalo ni kuilaumu stata, kuifungua, na kwenda dukani kununua nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi ni dhuluma. Stata iliyokuwa nzima kabla ya kazi kuanza ni nadra kufa kwa kulazwa benchini. Hitilafu kwa kawaida imo katika yale yaliyoguswa na mikono ya watu: waya uliosahauliwa, ethi isiyorudishwa, au meno ya vyuma viwili visivyokuwa vya ukoo mmoja.

Yafaa kwanza tufahamu kazi ya chombo chenyewe. Tangu stata ya umeme aliyoibuni Mmarekani Charles Kettering ilipotiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, ikawaondolea madereva taabu na hatari ya kuzungusha hendeli kwa mkono, shabaha yake haikubadilika: ni mota ndogo yenye nguvu nyingi, ambayo gia yake hushikana na meno ya flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, kwa muda mfupi, ikaizungusha injini, kisha ikajitenga nayo. Pamoja na mota hiyo huwapo solenoidi, yaani sumaku ya umeme, yenye kazi mbili zifuatanazo. Dereva azungushapo ufunguo, umeme kidogo hupita katika waya mwembamba, sumaku ikavuta chuma kilicho ndani yake, na chuma kikavuta wenzo unaoisukuma gia ndogo, ambayo mafundi huiita bendiksi, hata ikaingia katika meno ya flaiwili. Na chuma hicho kifikapo mwisho wa safari yake, hufunga swichi nzito inayoruhusu umeme mkubwa wa betri, ambao kwa injini nyingi za petroli ni takriban ampea 100 hadi 200, na kwa dizeli huzidi, uingie katika mota. Katika stata nyingi tarminali ya waya mnene huandikwa 30, na ile ya waya mwembamba 50.

Fundi mwadilifu, mfano wa kadhi, huwasikiliza mashahidi kabla ya kutamka. Na shahidi wa kwanza wa stata ni sauti yake. Ikiwa ufunguo umezungushwa na kimya kikatanda, hali taa za dashibodi zinawaka sawasawa, basi dalili kubwa ni kwamba amri haikuifikia solenoidi. Mtu mmoja na azungushe ufunguo, na mwingine apime kwa mita au kwa taa ya majaribio katika tarminali 50. Pasipokuwapo umeme hapo, stata haina hatia, na waya ufuatwe kurudi nyuma hadi kwenye fyuzi, relei na swichi ya ufunguo. Gari lililokuwa na gia za otomatiki lina swichi inayozuia injini isiwashwe ila gia ikiwa katika nyutro au katika maegesho. Na gari hilo likipewa gia za mkono pamoja na injini mpya, waya za swichi ile huachwa zikining'inia, na njia ya amri hukatika hapo. Atakayeziunganisha moja kwa moja na ajue kwamba ameondoa kinga, kwani tangu siku hiyo gari laweza kuruka mbele likiwashwa gia ikiwa imeingia.

Ikiwa sauti ni ya tak-tak-tak ya haraka, amri imefika lakini nguvu haitoshi: solenoidi hufunga swichi yake, mota huvuta umeme, volti zikaporomoka, sumaku ikalegea, chuma kikarudi, volti zikapanda tena, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi katika sekunde moja. Betri ipimwe kwanza. Iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Ikiwa betri ni njema, tuhuma ziende kwenye ethi, na hapa naomba msomaji atue, kwa maana hapa ndipo penye siri ya injini nyingi zilizobadilishwa. Injini huketi juu ya mipira izuiayo mtetemo, na mpira haupitishi umeme. Hivyo umeme wote ulioingia kwenye stata hauna njia ya halali ya kurudi kwenye betri ila waya wa ethi unaofungwa kwenye bloki ya injini au gia boksi. Waya huo husahauliwa, au hufungwa juu ya rangi na kutu. Ukinzani wa omu 0.02, ambao ni kama si kitu, hula volti 3 nzima pale ampea 150 zinapopita. Pasipo waya huo kabisa, umeme hujitafutia njia katika kebo ya mafuta au ya gia, hata kebo ikapata moto na kutoa moshi.

Kipimo chake ni chepesi: ncha moja ya mita iwekwe kwenye tarminali hasi ya betri na nyingine kwenye bloki, kisha ufunguo uzungushwe. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3 hivi, ethi ni mbovu. Upande wa chanya, baina ya betri na tarminali 30, upotevu usizidi nusu volti.

Dalili ya tatu ni mvumo wa mota inayozunguka bure. Maadamu mota imezunguka, umeme hauna lawama; ama klachi ndogo iliyo ndani ya bendiksi inateleza, ama wenzo umevunjika, ama gia haiyafikii meno ya flaiwili. Katika magari mengi stata hufungwa kwenye nyumba ya gia boksi, ilhali flaiwili huja na injini. Basi fundi anapooanisha injini ya gari moja na gia boksi ya jingine, huoanisha pia stata na flaiwili zisizojuana. Mfano bayana ni injini ya V8 ya Chevrolet iliyoanza mwaka 1955, ambayo Wamarekani wameihamishia katika magari ya kila namna: ipo flaiwili yake yenye meno 153, na ipo iliyo kubwa zaidi yenye meno 168, na stata iliyotengenezwa kwa ajili ya moja tu haiifai nyingine. Kwa hiyo meno yahesabiwe na kina kipimwe kabla ya gia boksi kufungwa. Hata bamba jembamba likaalo kati ya injini na gia boksi, likiachwa nje, hubadili umbali. Na ikisikika sauti ya chuma kusaga chuma, ufunguo uachwe papo hapo, kwani meno ya flaiwili yakiliwa hayabadilishwi bila kuishusha gia boksi.

Iwapo stata imegonga mara moja kwa kishindo na kutulia, betri na ethi zikiwa salama, injini izungushwe kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki. Ikikataa, stata imesimama mbele ya ukuta: pengine kigeuza nguvu cha gia za otomatiki hakikuketi barabara, na kuendelea kulazimisha ni kuvunja zaidi.

Katika kazi hii yote, gia iwe nyutro na breki ya mkono ivutwe. Na kabla ya kuifungua stata, waya hasi wa betri utolewe, kwa kuwa waya mnene wa chanya una umeme wakati wote, na aghalabu hauna fyuzi. Desturi ya kuunganisha tarminali kwa bisibisi iachwe, maana cheche na gesi ya betri ni maadui wa macho ya binadamu.

Nawasihi mafundi wetu, na hasa vijana wanaojifunza kazi, wasimuuzie mtu stata kabla ya kupima; na mwenye gari naye ana haki ya kuuliza, kwa adabu, ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba stata yake imekufa.