BALATUM NYUMBANI: CHAGUA VIZURI, TANDIKA BILA HATARI

Bwana mtumishi, kazini unavaa kofia, viatu vya usalama na miwani. Siku ya mapumziko unafungua ndoo ya kole nyumbani, madirisha yamefungwa, na katika chumba cha pili bibi yako anapika kwenye mbabula. Hapo hatari imeingia nyumbani mwako bila wewe kuiona.

Kutandika balatum, au vile vipande vya vinili vinavyofanana na mbao, ni jambo jema. Sakafu hiyo inapanguswa kwa kitambaa chenye maji, na mavumbi hayajifichi katika nyufa za simenti pale mtoto anapotambaa. Lakini kazi hii ina masharti yake.

KUCHAGUA

Balatum ya kukunja ina maungio machache, na maji hayapenyi kwa urahisi. Vipande vinavyoshikana kimoja na kingine havihitaji kole; kwa usalama wa jamaa yako, hivyo ni bora.

Usiangalie unene peke yake. Uliza muuzaji unene wa ngozi ya juu, ile inayokanyagwa. Kwa chumba cha kulala, milimeta 0.3 zinatosha. Pale watu wanapopita sana, tafuta milimeta 0.5.

KUTAYARISHA SAKAFU

1. Sakafu iwe kavu. Simenti mpya ingoje mwezi mmoja angalau. Kisha tandika kipande cha plastiki juu yake, bandika kando zote, uache mchana na usiku. Ukikuta matone ya maji chini yake, ngoja tena. Unyevu ukifungiwa chini ya vinili, utaleta ukungu na harufu mbaya, na balatum itaachana na sakafu. Kiangazi ni wakati mzuri wa kazi hii.

2. Sakafu iwe sawa. Weka ubao ulionyooka wa meta 2. Nafasi chini yake ikipita milimeta 3, jaza shimo au punguza kinundu. Balatum haifichi kinundu. Inapasuka juu yake, na mzee au mtoto anajikwaa.

3. Angalia vigae vya zamani. Vigae vingi vya vinili vya miaka ya 1980 na kabla yake vilichanganywa na amianti. Usivikwangue, usivivunje, usivisugue kwa mashini. Nyuzi zake zikiingia mapafuni zinaweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Vikiwa vizima na vimeshika vizuri, vifunike tu kwa balatum mpya.

KUTANDIKA

Weka vipande ndani ya chumba saa 48 kabla ya kuanza, vizoee joto la nyumba. Vile visivyobandikwa, viachie nafasi ya milimeta 5 hadi 10 kando ya ukuta, maana vinili inatanuka wakati wa joto. Maungio ya mstari mmoja yasilingane na ya mstari wa pili. Unapokata, kisu kiende mbali na mkono unaoshika.

KOLE NA MOTO HAVIKAI PAMOJA

Soma hapa mara mbili, umsomee na bibi yako. Kole nyingi zina dawa inayowaka upesi kama esansi. Tazama alama ya moto kwenye ndoo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unafika kwenye mbabula ya chumba kingine. Hapo moto unarudi mpaka kwako.

Kwa hiyo:
– zima mbabula, mshumaa, taa ya petroli na sigara katika nyumba nzima;
– fungua milango na madirisha yote;
– watoto walale kwa jirani mpaka harufu iishe;
– ukisikia kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje mara moja;
– usitumie esansi kuondoa kole mikononi wala sakafuni.

Kama unaweza, nunua kole ya maji. Hiyo haina hatari kubwa ya moto.

KUISHI NA SAKAFU MPYA

Acha viatu vya kazi mlangoni: mavumbi ya madini yasiingie. Pangusa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kikavu, kisha kausha, maana vinili yenye maji inateleza. Kando ikiinuka, ibandike siku hiyo hiyo.

Mbabula isiingie ndani, hata katika baridi ya Juni na Julai. Kaa moja likianguka linatoboa balatum. Vinili ikiwaka, moshi wake unachoma macho na mapafu. Na makala yenyewe yanatoa gazi isiyo na harufu, inayoua watu usingizini.

Mtumishi, usalama hauishii kwenye lango la kiwanda. Fungua dirisha kwanza, kisha fungua ndoo.