Je, wajua? Kompyuta yaweza kupungua kasi kwa sababu ya kerneli mpya

Mwenye steshenari Singida mjini anakubali masasisho ya Ubuntu jioni, anafunga duka. Asubuhi kompyuta ileile imekuwa nzito. Akiburuza dirisha linaacha mkia kwenye skrini, video inakatakata, feni inavuma hata kama hajafungua chochote cha maana. Fundi wa kwanza atamwambia aongeze RAM, wa pili atataka kupiga Windows. Mara nyingi wote wawili watakuwa wamekosea, maana mashine ni nzima. Kilichovunjika ni maelewano kati ya kerneli na draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha kadi ya grafiki.

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayoamua nani atumie prosesa, kumbukumbu na vifaa vingine, na kwa wakati gani. Ile ya Linux, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Ubuntu, ilitangazwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Leo ina mistari zaidi ya milioni 30, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Kati ya matoleo hayo, wahandisi hujiwekea sharti kali: programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi jana isiharibike leo. Lakini sharti hilo halizilindi draiva. Namna kerneli inavyozungumza na draiva zake hubadilishwa wakati wowote, na draiva zilizomo ndani ya kerneli hurekebishwa papo hapo. Zinazotengenezwa nje hujitafutia njia.

Hapo ndipo kompyuta za mtumba, ambazo ni nyingi mikoani kwetu, zinapoumia. Kadi za zamani za Nvidia, kama GeForce za mfululizo wa 8 na 9, hutegemea draiva ya kampuni hiyo, ya tawi la 340, ambayo iliacha kuhudumiwa mwishoni mwa 2019. Tawi la 390 lilifuata mwishoni mwa 2022. Kerneli mpya ikija, draiva ya aina hiyo hulazimika kujengwa upya ndani ya mashine yako. Ujenzi ukishindikana, mara nyingi hutaona onyo lolote. Mfumo unaweza kuangukia llvmpipe, programu inayochora kila kitu kwa prosesa ya kawaida huku kadi ya grafiki ikikaa bure. Ndiyo maana feni inavuma.

Hata draiva zilizomo ndani ya kerneli huwa na misukosuko yake. Aprili 2009 ilitoka Ubuntu 9.04 ikiwa na kerneli 2.6.28, na watumiaji wengi wa grafiki za Intel wakajikuta na skrini nzito kuliko ya toleo lililotangulia. Wakati huo usimamizi wa kumbukumbu ya grafiki ulikuwa unahamishiwa ndani ya kerneli, kazi kubwa na ya lazima, na ilifikishwa kwa watu kabla haijakomaa. Kwenye baadhi ya mashine eneo la kumbukumbu ya picha halikuwekewa alama sahihi, kwa hiyo prosesa haikuweza kukusanya data na kuituma kwa mkupuo. Ni kama kupeleka alizeti kiwandani gunia mojamoja, kila gunia na safari yake, wakati lori zima lipo. Ubuntu 9.10 ya Oktoba mwaka huohuo, yenye kerneli 2.6.31, iliwapa wengi nafuu.

Kupima tatizo hakuhitaji bando. Fungua dirisha la amri uandike uname -r, utaona kerneli unayotumia. Andika lspci -k, utaona draiva iliyoshika kadi yako. Kama glxinfo ipo, iendeshe kwa glxinfo -B. Neno llvmpipe likijitokeza, umempata mchawi. Kisha washa mashine upya ukishikilia Shift, au ukigusa Esc kwenye mashine za UEFI, ili menyu ya kuwashia itokee. Kwa kawaida Ubuntu huiacha kerneli ya awali mle ndani. Ichague. Kasi ikirudi, usinunue RAM.

Fundi akishajua kerneli ipi ilikuwa nzuri na ipi ni mbovu, anaweza kumsaka mkosaji hadi kwenye badiliko moja. Kati ya matoleo mawili hupita mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini kwa kuyagawa nusu kwa nusu na kujaribu kila mara, majaribio kama 14 yanatosha. Kwenye mashine kuukuu kila jaribio laweza kula saa nyingi za kujenga kerneli, na umeme usikatike. Hata hivyo, ripoti ya namna hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu wahandisi wa draiva hawana kila kadi ya 2008 mezani kwao. Fundi wa Kiomboi au Manyoni anayo, inafanya kazi kila siku, na akiandika jina la kadi, kerneli nzuri na kerneli mbovu, anakuwa amewapa wanachohitaji ili waanze kazi.